Mwanga ulikuwa wapi kabla elektroni haijashuka? Jibu kwa mwanafunzi kuhusu atomu ya Bohr

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Tumefundishwa kwamba elektroni huzunguka kiini cha atomu kama sayari zinavyozunguka jua, na kwamba ikishuka kutoka mzingo wa juu kwenda wa chini hutoa mwanga. Mambo matatu yananisumbua. Kwanza, mwanga huo ulikuwa wapi kabla elektroni haijashuka? Pili, elektroni ikifika mzingo wa chini kabisa, kwa nini haiendelei kushuka hadi kwenye kiini? Tatu, kaka yangu aliye chuo kikuu ananiambia kwamba picha ya Bohr ni ya uongo na ilikwisha kutupwa zamani. Kama ni ya uongo, mbona inatoa majibu sahihi ya spektra ya haidrojeni, na mbona bado tunaulizwa kwenye mtihani? Najiona kama ninakariri kitu nisichokiamini."

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni yale yale yaliyowasumbua wanafizikia wenyewe kati ya 1913 na 1927, na mawili ya kwanza Niels Bohr mwenyewe hakuwa na majibu yake alipochapisha nadharia yake. Usidhani basi kwamba hujaelewa somo. Umefika mahali ambapo somo lenyewe, jinsi linavyoandikwa katika vitabu vingi vya shule, linaruka hatua kadhaa na kumwachia msomaji shimo alivuke mwenyewe. Nitajitahidi kulifukia shimo hilo, na nitaanza na dhana moja ambayo imejificha ndani ya maswali yako yote matatu: dhana kwamba atomu hutoa mwanga kwa sababu elektroni inazunguka. Bohr alianza kwa kuikana dhana hiyo, na ukilishika hilo mengine yatajipanga.

Tazama kwanza tatizo lilivyokuwa. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, waliokuwa wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford huko Manchester, Uingereza, walirusha chembe za alfa, yaani chembe nzito zenye chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba mno za metali, ikiwamo dhahabu, wakakuta kwamba nyingi zilipenya karibu bila kupinda, lakini chache sana, moja katika maelfu, zilirudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford alionyesha kwamba jambo hilo haliwezi kutokea isipokuwa chaji chanya yote ya atomu, pamoja na karibu uzito wake wote, imekusanyika katika kiini kidogo sana kilichoko katikati, huku elektroni zikiwa mbali nacho. Picha ya sayari ilipata nguvu hapo, na hapo hapo ikaingia matatani. Kwa sheria za sumakuumeme zilizokubalika tangu James Clerk Maxwell, chaji yoyote inayobadili kasi au mwelekeo wake hutoa mawimbi, na elektroni inayozunguka hubadili mwelekeo kila wakati. Ingepaswa kutoa mwanga mfululizo, kupoteza nishati, na kukisogelea kiini kwa duara linalozidi kusinyaa. Ukikokotoa kwa atomu ya haidrojeni utaona kwamba ingeanguka ndani ya muda wa sekunde 10⁻¹¹ hivi, yaani kabla hujapata hata muda wa kupepesa jicho atomu zote za mwili wako zingekuwa zimekwisha.

Kuna na la pili, ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Katika fizikia hiyo ya zamani, marudio ya mwanga, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yanapaswa kuwa sawa na idadi ya mizunguko ya elektroni kwa sekunde. Elektroni inayosogea kuelekea kwenye kiini ingezunguka haraka zaidi na zaidi, kwa hiyo rangi ya mwanga wake ingekuwa inateleza kutoka moja hadi nyingine bila kukatika, na gesi yenye mamilioni ya atomu ingetoa rangi zote kwa pamoja.

Atomu halisi hazifanyi hivyo, na ushahidi unaweza kuuona jikoni. Nyunyiza chembe chache za chumvi kavu kwenye mwali wa buluu wa jiko la gesi. Mwali utageuka manjano papo hapo. Ukiutazama mwanga huo kupitia prizimu nzuri hutaona upinde wa mvua, utaona mistari miwili ya manjano iliyokaribiana sana, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589.0 na 589.6, na kati yake na pembeni yake giza. Hiyo ni sodiamu iliyomo ndani ya chumvi, na mpangilio wa mistari kama hiyo ndio unaoitwa spektra. Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, huko Heidelberg, Ujerumani, walithibitisha kuanzia 1859 kwamba kila elementi ina mistari yake ambayo haigawani na nyingine, kiasi kwamba mwaka 1860 na 1861 waligundua elementi mbili mpya, kaisiamu na rubidiamu, kwa kuiona mistari yao tu. Lakini kwa miaka hamsini hakuna aliyejua kwa nini mistari hiyo ipo.

Haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, ndiyo iliyotoa fununu. Katika mwanga unaoonekana ina mistari minne: mwekundu wa nanomita 656.3, wa kijani-buluu wa 486.1, wa buluu-urujuani wa 434.0 na wa urujuani wa 410.2. Mwaka 1885 Johann Balmer, aliyekuwa mwalimu wa shule ya sekondari ya wasichana huko Basel, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 60, aligundua kwamba namba hizo nne zote zinatoka katika kanuni moja: chukua 364.56, zidisha kwa n², kisha gawanya kwa n² − 4, ukiweka n kuwa 3, 4, 5 na 6. Jaribu mwenyewe. Ukiweka 3 unapata 364.56 × 9 ÷ 5, ambayo ni 656.2. Ukiweka 4 unapata 364.56 × 16 ÷ 12, ambayo ni 486.1. Miaka mitatu baadaye Johannes Rydberg wa Sweden aliiandika kanuni ya aina hiyo kwa namna pana zaidi, akitumia kinyume cha urefu wa wimbi, na hapo ikaonekana wazi kwamba kila mstari ni tofauti ya vipengele viwili: 1/λ = R(1/n₁² − 1/n₂²), ambapo λ ni urefu wa wimbi na R ndicho kiitwacho kiwango cha Rydberg. Ishike alama hiyo ya kutoa iliyoko katikati, kwa sababu siri yote imelala hapo. Kwa nini mwanga wa atomu utokane na kutoa namba moja kutoka kwa nyingine? Kitu kinachozunguka hakina sababu yoyote ya kufanya hivyo.

Wakati huo kulikuwa na jambo jingine linaendelea mbali na habari za atomu. Desemba 1900, huko Berlin, Max Planck alilazimika, ili kueleza mwanga wa vitu vyenye joto kali, kukubali kwamba vitu vinavyotetema hupokea na kutoa nishati kwa mafungu tu, kila fungu likiwa hf, ambapo f ni marudio na h ni kiwango thabiti kidogo mno, 6.626 × 10⁻³⁴ kwa vipimo vya jouli na sekunde. Mwaka 1905 Albert Einstein alikwenda mbali zaidi, akasema mwanga wenyewe husafiri na kufyonzwa kwa mafungu hayo, ambayo leo tunayaita fotoni. Wengi walilikataa wazo la Einstein kwa miaka mingi, na mmoja wao alikuwa Bohr. Nitalirudia hilo, kwa sababu linahusu swali lako la kwanza moja kwa moja.

Sasa tumfikie Bohr. Mwaka 1912, akiwa kijana wa miaka 26 kutoka Denmark, alifanya kazi na Rutherford huko Manchester, na kilichomshughulisha wakati ule hakikuwa spektra, kilikuwa uthabiti: kwa nini atomu haianguki? Habari za kanuni ya Balmer zilimfikia mapema mwaka 1913, alipoulizwa na mwenzake wa Copenhagen, H. M. Hansen, nadharia yake inaelezaje mistari ya spektra. Mwaka huo huo alichapisha makala tatu mfululizo. Ukiondoa mahesabu, msingi wake ni madai mawili. La kwanza ni kwamba elektroni ndani ya atomu inaweza kuwa na viwango fulani tu vya nishati, na ikiwa katika kimoja cha viwango hivyo haitoi mwanga hata kidogo, Maxwell aseme atakalosema. La pili ni kwamba mwanga hutoka au hufyonzwa pale tu atomu inapohama kutoka kiwango kimoja kwenda kingine, na marudio ya mwanga huo hupatikana kwa kugawa tofauti ya nishati kwa h.

Unaona jinsi dai la pili linavyoijibu alama ya kutoa ya Rydberg. Kila mstari ni tofauti ya vipengele viwili kwa sababu kila mstari ni tofauti ya ngazi mbili za nishati. Kwa haidrojeni ngazi hizo ni −13.6/n² kwa kipimo cha elektroni-volti, kipimo kidogo cha nishati kinachofaa kwa atomu. Ngazi ya pili iko kwenye −3.40 na ya tatu kwenye −1.51, kwa hiyo tofauti ni 1.89. Gawanya 1240 (ambayo ni h mara kasi ya mwanga, kwa vipimo vya elektroni-volti na nanomita) kwa 1.89 upate urefu wa wimbi kwa nanomita, nao ni 656: mstari mwekundu. Kutoka ngazi ya nne kwenda ya pili ni 2.55, unapata 486. Balmer aliipata namba yake kwa kuitafuta katika vipimo. Bohr aliipata kutokana na chaji ya elektroni, uzito wake na h ya Planck. Kwa thamani zilizojulikana mwaka 1913 alikokotoa kiwango cha Rydberg, kwa kipimo cha marudio, kuwa 3.1 × 10¹⁵, wakati kilichopimwa kwenye spektra kilikuwa 3.29 × 10¹⁵, na tofauti hiyo ilikuwa ndani ya mipaka ya makosa ya vipimo vya wakati ule.

Sasa nataka ukokotoe kitu ambacho mtihani haukuulizi, kwa sababu kitakuondolea dhana niliyoitaja mwanzoni. Katika picha ya Bohr, elektroni iliyo katika ngazi ya pili huzunguka mara 8.2 × 10¹⁴ hivi kwa sekunde, na iliyo katika ngazi ya tatu mara 2.4 × 10¹⁴. Mwanga mwekundu unaotoka elektroni ikihama kutoka ya tatu hadi ya pili una marudio ya 4.57 × 10¹⁴. Haulingani na mzunguko wa kwanza wala wa pili. Umeangukia katikati yao. Hapa ndipo Bohr alipoachana na fizikia ya zamani, na watu wa wakati wake walishtuka kweli kweli. Lakini nenda juu, kwenye ngazi ya 100 na ya 99. Mizunguko ni 6.6 × 10⁹ na 6.8 × 10⁹ kwa sekunde, na mawimbi yanayotoka yana marudio ya 6.7 × 10⁹. Huku juu, ngazi zinapobanana, fizikia mpya na ya zamani zinakubaliana, na Bohr alikitumia kigezo hicho hicho kukipata kiwango cha Rydberg. Vitabu vingi huanza na sharti kwamba momentamu ya mzunguko lazima iwe nh/2π kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni. Katika makala ya 1913 lilikuwa njia mojawapo tu kati ya kadhaa alizozijaribu. Atomu za namna hiyo, zenye elektroni iliyopanda juu mno, zipo kweli katika mawingu ya gesi angani, na tangu miaka ya 1960 wanaastronomia wamekuwa wakipokea mawimbi yake ya redio, kama yale ya kutoka ngazi ya 110 kwenda ya 109.

Nitaongeza kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichowageuza wengi waliokuwa na shaka kama yako. Kulikuwa na mistari iliyoonekana na Edward Pickering mwaka 1896 katika mwanga wa nyota iitwayo Zeta Puppis, na mwaka 1912 Alfred Fowler wa London aliipata maabara katika mrija wenye mchanganyiko wa haidrojeni na heliamu. Wote waliihesabu kuwa ya haidrojeni. Bohr alisema hapana, hiyo ni heliamu iliyopoteza elektroni moja: kiini chake kina chaji maradufu, kwa hiyo kiwango cha Rydberg kinazidishwa kwa 4. Fowler, aliyekuwa mpimaji makini, alijibu kwamba vipimo vyake havitoi 4 kamili. Bohr akarudi kwenye mahesabu, akakumbusha kwamba kiini nacho hakikai tuli kabisa bali husogea kidogo, na kwamba cha heliamu, kikiwa kizito, husogea kwa kiasi pungufu kuliko cha haidrojeni. Ukilizingatia hilo uwiano unakuwa 4.0016. Ndivyo vipimo vya Fowler vilivyokuwa vikisema. Nadharia inayokosolewa kwenye tarakimu ya nne, ikakokotoa upya bila kuongezewa kitu cha kubuni, na ikapatia, haiwezi kuitwa uongo hivi hivi.

Mwaka 1914 James Franck na Gustav Hertz, huko Berlin, walipitisha elektroni katika mvuke wa zebaki na kukuta kwamba elektroni hazipotezi nishati yoyote katika migongano mpaka zifikishe elektroni-volti 4.9, kisha zinapoteza kiasi hicho hicho, na mvuke unatoa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254. Gawanya 1240 kwa 4.9 uone. Ngazi za nishati zilikuwa zimeguswa bila kutumia spektra.

Sasa nijibu swali lako la kwanza. Mwanga haukuwa mahali popote kabla ya atomu kuhama ngazi. Kilichokuwapo ni nishati, na nishati hiyo ilikuwa ya atomu nzima, elektroni na kiini pamoja na mvutano wao, haikuwa kitu kilichofungwa ndani ya elektroni kikisubiri kutolewa. Unapopiga ngoma, mlio haukuwa umehifadhiwa chini ya ngozi. Mwendo wa ngozi umepita kwenye hewa, na mlio umezaliwa. Ndivyo nishati ya atomu inavyopita kwenye uga wa sumakuumeme uliopo kila mahali, hata gizani na hata penye utupu, na fotoni moja inazaliwa. Atomu moja ikihama mara moja hutoa fotoni moja ya rangi moja. Ile mistari minne ya haidrojeni unaiona kwa pamoja kwa sababu mrija una atomu zisizohesabika, kila moja ikifanya lake. Katika ngazi za juu atomu hukaa kwa muda mfupi, kwa kawaida sekunde 10⁻⁸ hivi, na hakuna anayeweza kutabiri ni lini hasa atomu fulani itahama. Einstein alilieleza hilo kwa lugha ya uwezekano mwaka 1916. Bohr hakutoa maelezo haya mwaka 1913, na hakuamini fotoni hadi mwaka 1925 hivi, ushahidi ulipomlazimisha. Mahesabu kamili ya jinsi fotoni inavyozaliwa yalifanywa na Paul Dirac mwaka 1927. Kwa hiyo sentensi ya kitabu inayosema "elektroni ikishuka hutoa fotoni" imeshona pamoja kazi za watu waliokuwa hawakubaliani.

Swali la pili, la kwa nini elektroni haiendelei kushuka, Bohr alilijibu kwa amri tu: hakuna ngazi chini ya ile ya kwanza. Jibu lenye sababu lilikuja baada ya Louis de Broglie kupendekeza, katika tasnifu yake ya 1924, kwamba elektroni nayo ina tabia ya wimbi, na Erwin Schrödinger kuandika mlinganyo wa wimbi hilo mwaka 1926. Wimbi haliwezi kubanwa bure. Kadiri unavyolibana katika nafasi ndogo ndivyo urefu wake unavyopungua, na wimbi fupi maana yake ni mwendo mkubwa na nishati kubwa ya mwendo. Fuata namba hizi. Kwa ukubwa wa kawaida wa atomu ya haidrojeni, nusu kipenyo cha nanomita 0.053, nishati ya mvutano ni elektroni-volti −27.2 na ya mwendo ni 13.6, jumla −13.6. Ukiibana atomu hadi nusu ya ukubwa huo, ya mvutano inakuwa maradufu, −54.4, lakini ya mwendo inakuwa mara nne, 54.4, na jumla ni sifuri: atomu imekuwa ghali zaidi kwa nishati. Ukiitanua iwe maradufu, mvutano ni −13.6, mwendo ni 3.4, jumla ni −10.2, nayo pia iko juu ya −13.6. Ukubwa ule wa kawaida ndio wenye nishati ndogo kuliko zote, na hapo elektroni hutulia. Makadirio haya ni ya juu juu, lakini sababu yenyewe ndiyo hiyo hiyo ya mahesabu kamili, na ukiniuliza ningependa mwanafunzi atoke darasani na sababu hii kuliko kukariri masharti yote ya Bohr.

Sasa kaka yako. Ana haki, kwa sehemu. Mzingo umetupwa kweli. Hakuna njia ya duara ambayo elektroni huifuata, na kwa ngazi ya kwanza kabisa Bohr alikosea hata momentamu ya mzunguko: yeye alisema ni h/2π, fizikia ya leo inasema ni sifuri, na vipimo viko upande wa fizikia ya leo. Nadharia yake haikuweza kueleza kwa nini mstari mmoja unang'aa kuliko mwingine. Ilishindwa hata kwa heliamu ya kawaida, yenye elektroni mbili tu, ingawa watu wenye akili nyingi sana waliisukuma kwa miaka kumi. Arnold Sommerfeld aliongeza mizingo ya duaradufu mwaka 1915 na 1916 na akapata mafanikio makubwa kwa haidrojeni, lakini ukuta wa heliamu haukubomoka. Ngazi za nishati, hata hivyo, hazikutupwa, wala dai kwamba mwanga ni tofauti ya ngazi mbili. Hayo mawili yamo katika kila kitabu cha kwanta cha leo, na kaka yako anayatumia kila siku. Mlinganyo wa Schrödinger kwa haidrojeni unatoa −13.6/n² ile ile, ndiyo maana majibu yako ya mtihani yanatoka sahihi. Lazima niseme pia kwamba Bohr alikuwa na bahati: kulingana huko kunatokana na umbo la kipekee la mvutano kati ya chaji mbili, na kwa mvutano wa namna nyingine mizingo yake isingetoa ngazi sahihi kabisa.

Unaweza basi kuishi na picha ya Bohr kwa njia tofauti. Unaweza kuikariri bila kuiamini, na utafaulu, lakini ukifika chuo itakubidi uibomoe yote. Unaweza kuiacha na kukimbilia mlinganyo wa Schrödinger sasa hivi, lakini bila milinganyo ya tofauti na namba changamano utakuwa unakariri maneno mapya badala ya ya zamani, na hilo sikushauri. Ninachokushauri ni hiki: chora ngazi, usichore duara. Unapofanya swali lolote la spektra, weka mistari ya mlalo yenye nishati zake, chora mshale kutoka ngazi moja hadi nyingine, na ukokotoe tofauti. Pale mtihani unapouliza nusu kipenyo cha mzingo au kasi ya elektroni, jibu kwa kanuni za Bohr na uandike "kwa mujibu wa kielelezo cha Bohr". Maneno hayo ni ya kweli, na hayakulazimishi kuamini kwamba duara lipo.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, na hapo umtafute mtu. Ukifuata mahesabu ya hapo juu na ukakwama katikati, mpelekee mwalimu wako wa fizikia karatasi uliyoandika, hatua kwa hatua, umwonyeshe mstari uliokukwamisha. Ni rahisi zaidi kusaidiwa hivyo kuliko ukisema kwamba hujaelewa Bohr. Ukitaka kuona spektra kwa macho, CD ya zamani inatosha kwa kuanzia: iinamishe chini ya taa ya tyubu usiku, mahali penye giza, na utaona mistari mikali ya kijani na buluu inayotokana na zebaki, nanomita 546 na 436, ikijitokeza juu ya rangi nyingine zilizofifia. Chini ya taa ya LED hutaiona, kwa sababu mwanga wake umesambaa. Usielekeze CD wala lenzi yoyote kwenye jua ukatazama. Mrija wa haidrojeni usijaribu kuutengeneza wala kuuwasha nyumbani, kwani unahitaji volti za maelfu zinazoweza kuua. Idara za fizikia za vyuo vikuu kwa kawaida zina mirija hiyo pamoja na spektromita. Muombe mwalimu wako awaandikie barua ya ziara ya darasa. Mkifika huko, ombeni mpime wenyewe mstari mwekundu na ule wa kijani-buluu, mkokotoe uwiano wa urefu wa mawimbi yao, na muulinganishe na 27/20, ambao mtaupata kutoka kanuni ya Balmer bila kuhitaji thamani ya kiwango chochote.